Mkono Uliosema Baridi

Ulipomwita Fundi aje kuangalia sola yako, alichouliza kwanza ni kama kuna chai. Si ulafi. Alitaka uwashe kila ulicho nacho, taa, redio, televisheni, mashine, halafu mkae chini. "Acha ichoke kwanza," alikuwa akisema. "Mtu aliyepumzika haonyeshi anapoumwa." Basi mtakaa robo saa nzima, yeye na kikombe chake chenye vijiko vinne vya sukari, wewe roho juu kwa sababu fyuzi imeungua mara tatu wiki hiyo na huyu mzee anapuliza chai tu. Nimemwona akifanya hivyo miaka mingi, na kila mara nilitamani kumfinya.

Chai ikiisha alisimama, akageuza mkono, akaanza kugusa kwa mgongo wa vidole, kama mama anavyogusa shingo ya mtoto mwenye homa. Alianzia kwenye betri, kichwa kimoja hadi kingine, akafuata waya, akaja kwenye fyuzi, akaenda kontrola, akamalizia inverta. Kila mahali alitulia kidogo na kutamka. "Baridi. Baridi. Vuguvugu. Baridi." Halafu: "Hapa." Akishasema hapa, ujue ndipo penye ugonjwa, na ukifungua utakuta skrubu imelegea au waya umekuwa mweusi kama mkaa. Miaka ile ya kwanza sikumbuki hata mara moja aliyokosea.

Mimi ni kinyozi. Ndiyo, kinyozi mwanamke, na anayetaka kucheka acheke, akimaliza aje akae kwenye kiti, kwa sababu kijijini kwetu hakuna kinyozi mwingine. Mashine zangu zinatumia sola, na hivyo ndivyo nilivyomfahamu. Wakati huo fyuzi zangu zilikuwa zinakwisha kama njiti za kibiriti. Mteja mmoja, kichwa kimenyolewa nusu, akanifundisha nichukue karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara niizungushie fyuzi iliyokufa. Kupiga dairekti, vijana wanaita. Nikapiga dairekti. Mashine ikaunguruma, mteja akamaliziwa upande wa pili, nami nikajiona injinia. Siku ya tatu ile plastiki inayoshika fyuzi, ambayo Fundi aliiita nyumba ya fyuzi, ikaanza kulainika na kunuka.

Alipoiona karatasi yangu aliivua kwa kucha, akaniwekea kiganjani.

"Mama kinyozi, una watoto?"

"Ninao wawili."

"Mmoja akija mbio kukwambia nyumba inaungua, utamziba mdomo?"

"Fundi, na wewe!"

"Ndicho ulichofanya. Fyuzi haina kosa. Fyuzi ni mtoto aliyekuja na habari."

Akanywa chai yangu, akagusa, akasema "hapa" kwenye kiungo nyuma ya fyuzi, mahali ambapo aliyenifungia sola alikuwa ameunganisha waya mwembamba wa spika kwa kuusokota na kuufunika kwa utepe wa gundi. "Hii ni njia ya mbuzi," akasema, "na wewe unapitisha ng'ombe." Akaukata wote. Akaweka waya mnene, mfupi, akaukaza, akauvuta kwa nguvu kana kwamba anataka kuung'oa, akaukaza tena. Kaza, vuta, kaza tena. Alikuwa akiyasema hayo kwa sauti, kila skrubu, hata akiwa peke yake.

Mdomo wake haukuchagua mtu. Kijana mmoja aliwahi kumwonyesha kwa majigambo jinsi alivyoondoa fyuzi ndogo akaweka kubwa mara tatu yake. "Sasa haiungui kabisa, mzee." Fundi akampa mkono. "Hongera sana. Sasa itaungua nyumba badala yake." Kanisani alikaa karibu na kabati la betri ya kipaza sauti, na mahubiri yakirefuka alinyoosha mkono akagusa waya. Paroko alimwona. Siku moja akasema mimbarini kwamba wapo wanaopapasa umeme badala ya kupapasa dhamiri zao. Tulicheka mpaka machozi. Fundi hakucheka, aliinua kidole akasema, "Baba, skrubu ya kushoto imelegea." Ilikuwa kweli imelegea.

Alikuwa na mita, ameihifadhi ndani ya soksi ya kuchezea mpira ya mtoto wake. Aliitoa kwa wateja waliosoma, walimu na maofisa wa halmashauri, kwa sababu hao hawaamini kitu kisicho na namba. Aliwaonyesha namba, nao wakaridhika, halafu wakigeuka aliirudisha kwenye soksi na kugusa kwa mkono ndipo ajue ukweli. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mita inakwambia umeme uko kiasi gani, haikwambii unateseka wapi. Kumbe mita hiyo hiyo, ukijua kuitumia, inaonyesha hata mahali umeme unapopungua njiani, na yeye alijua sana. Hakutaka tu.

Na alikuwa na jambo jingine: kazini hakuzungumza Kifipa, lugha yetu. Nyumbani kwake Kifipa, klabuni kwenye pombe ya ulezi Kifipa, akishika bisibisi Kiswahili, hata kama mwenye nyumba ni bibi asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu. "Umeme hauna Kifipa," alisema. "Nikianza kuutafsiri nitadanganya." Sisi tulidhani ni maringo.

Mtu makini namna hiyo, mwili wake aliutunza vibaya mno. Sukari vijiko vinne, nimeshasema. Maji alikunywa kama ng'ombe, akikaa kitini kwangu anyolewe alinyanyuka mara mbili kwenda msalani na shuka bado shingoni. Siku moja niliona damu sakafuni nikadhani nimemkata kichwani. Ilikuwa inatoka kwenye kidole chake cha mguu, msumari umepenya kandambili, na yeye alikuwa anatembea nao tangu asubuhi. "Ah, hata sikuusikia," akasema, akaung'oa kama mtu anayetoa mbegu. Tukacheka. Leo nikikumbuka kicheko kile najichukia.

Huku kwetu juu, Juni na Julai, baridi haina mzaha. Watu wanashinda na makoti, blanketi begani, na asubuhi vidole haviwezi hata kufunga kifungo. Kwa hiyo Fundi alipoanza kuweka mikono kwapani kabla ya kugusa waya, hakuna aliyeshtuka. Alipoanza kugusa mara mbili mahali pale pale, tukasema uzee. "Ni baridi hii," alisema akipuliza vidole. "Ya mwaka huu imeingia mpaka kwenye mfupa." Tukamwitikia, maana vidole vya kila mtu vilikuwa vimekufa ganzi. Angekuwa anaishi nchi ya joto wangemshtukia siku ya kwanza. Sisi tulimwamini kwa sababu ya hali ya hewa. Septemba jua likawaka, makoti yakaanikwa, na yeye bado anapuliza.

Ndipo akapata kazi Mtowisa, chini bondeni. Mimi nilikuwa na safari ya huko kufuata mchele, tukapanda lori moja. Nilimshangaa alivyofurahi, kama anakwenda harusini. "Joto la kule litavifufua hivi," akaniambia, akinyoosha vidole mbele yangu. "Baridi ndiyo imevifunga. Utaona." Njia inateremka kwa makona mabaya, na kila tulivyoshuka joto lilizidi, tukavua masweta, tukafika tumelowa jasho.

Mwenyeji wetu alikuwa mfugaji wa Kisukuma, mwenye ng'ombe wengi na nyumba mpya ya bati, friji na televisheni ndani. Shida yake ilikuwa fyuzi inachemka bila kukatika. Fundi alinieleza njiani kwamba hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Fyuzi inayokatika imekuaga vizuri. Lakini kiungo kikilegea, umeme unapita kwa kujibana, kule kujibana kunazaa joto, na fyuzi haikatiki kwa sababu mzigo haujazidi. Inakaa inaiva pole pole, plastiki inaiva nayo, mpaka siku itakayowaka.

Tukanywa chai katika joto lile, Mungu wangu. Kisha akasimama, akageuza mkono. "Baridi," akasema kwenye betri. "Baridi," kwenye waya. Akafika kwenye nyumba ya fyuzi, akaweka mgongo wa vidole, akatulia. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nikasikia harufu. Nimenyoa miaka kumi na minane, harufu ya nywele zinazoungua naijua hata nikiwa nimelala. Vilikuwa vinyweleo vya vidole vyake.

"Vuguvugu," akasema.

"Fundi, toa mkono!" Nikamkamata kifundo, nikavuta. Kipande cha ngozi kikabaki kwenye plastiki.

Yule mfugaji akapiga makofi. "Hee! Huyu fundi ana dawa ya moto!" Akamwita mkewe aje aone. Fundi alitazama vidole vyake, akanitazama mimi. Usoni hakuwa na maumivu hata chembe. Alikuwa anaogopa, na mimi sijawahi kuona mtu mzima akiogopa vile. Kazi ile aliimaliza kwa macho na kwa mita, mimi nikimshikia skrubu.

Tukirudi, juu ya magunia ya mchele, akaniambia, "Mama kinyozi, usiseme."

"Uende hospitali kwanza."

"Nitakwenda. Ila usiseme."

"Sitasema."

Alikwenda mjini Sumbawanga. Daktari akamwambia ni kisukari, kimekaa naye miaka, kimeua mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Dawa zitalinda iliyobaki. Iliyokufa imekufa. Aliponieleza hayo alikuwa kitini kwangu, nimemfunga shuka, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba siku hizi akitaka kujua kama kikombe ni cha moto anakigusisha mdomo.

Nikamwambia basi tumia mita, unayo, unaijua kuliko wote. Akasema miaka yote watu wamemwona akigusa. Akitoa mita leo watauliza mkono umekwenda wapi. Nikamwambia waulize. Nadhani aliona kwamba bila mkono ule yeye ni mzee mwenye bisibisi, na wazee wenye bisibisi wako wengi. Akaendelea kugusa. Alijifunza kuigiza. Alitulia pale pale alipokuwa akitulia zamani, akatamka baridi, vuguvugu, hapa, akikisia kwa rangi ya plastiki na kwa harufu. Mara nyingi alipatia. Hilo ndilo lililotuponza.

Mama mmoja mjane, tunamwita Mama Vifaranga, ana mashine ya kutotoleshea mayai, inayotumia sola, chumba cha nyuma. Huku kwenye baridi mashine ile haipumziki, inavuta umeme saa zote ili mayai yasipoe. Alimwita Fundi akague tu, hakuwa na shida. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua mayai, nikasimama mlangoni. Fundi akanywa chai, akasimama, akagusa. Alipofika kwenye nyumba ya fyuzi niliona plastiki imeanza kugeuka rangi pembeni, kidogo sana, kama mkate ulioanza kuiva. Sikuwa na uhakika. Chumba kile kina giza.

"Baridi kabisa," Fundi akasema. "Uko salama, mama."

Ningeweza kupiga hatua mbili nikanyoosha mkono wangu. Hatua mbili! Lakini Mama Vifaranga alikuwa anatazama, na kunyoosha mkono mbele yake kungekuwa ni kumvua nguo mzee wa watu. Nikalipia mayai yangu nikaondoka.

Wiki ya pili yake, Jumapili, watu wote wakiwa kanisani, nyumba ikawaka. Tulitoka mbio katikati ya kipaimara cha watoto. Hakufa mtu. Liliungua paa, mashine, vifaranga vyote, na ulezi wa mbegu aliokuwa ameuhifadhi darini. Mama Vifaranga alisimama barabarani na nguo zake za kanisani, hakulia, alikuwa anataja vitu kimoja kimoja kama anayesoma orodha.

Sasa nchi nzima inatutania sisi watu wa Sumbawanga kwa uchawi. Ukisafiri ukasema unakotoka, jirani yako anasogeza kiti. Sisi wenyewe tunacheka, tunasema maneno ya watu hayo. Tunacheka mpaka nyumba iungue. Mama Vifaranga alikuwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mume, jirani uzio kwa uzio. Mwaka mzima waligombana kwa sababu kuku wa mama walikuwa wanakula ulezi wa shemeji ukiwa umeanikwa. Na wiki ile ile, watu wakisikia, shemeji alikuwa amepiga kelele uani: "Hao kuku wako, siku moja utawakuta wameiva wote humo ndani!" Na Jumapili ile hakuwa kanisani. Alikuwa shambani, akasema. Nani alimwona? Hakuna.

Fundi aliingia kwenye majivu siku ile ile, akachokora kwa kijiti, akapata nyumba ya fyuzi. Plastiki imeyeyuka, lakini skrubu ipo. Aliniletea kwenye duka langu la kunyolea, akafunga mlango. Mkono wake ulikuwa hauwezi kuishika vizuri, ilidondoka mara mbili.

"Nusu mzunguko," akaniambia. "Nusu mzunguko wa bisibisi tu ilihitaji. Nimechoma nyumba ya mjane."

"Tumechoma," nikamwambia, nikamweleza nilichokiona mlangoni. Hakunilaumu. Ningependelea anilaumu.

Mwenyekiti wa kitongoji aliita mkutano Jumanne. Ulianza kwa Kiswahili, ukaishia Kifipa, maana wazee ndio walioushika. Fundi akasimama na kile kipande kilichoyeyuka. Akasema mbele ya watu wote kwamba mikono yake imekufa, kwamba aligusa moto akauita baridi, kwamba kosa ni lake na shemeji aachwe. Nilimwona mtu akijivua kila kitu alichonacho duniani, na nikadhani yamekwisha.

Mzee mmoja akamwomba aeleze hicho kidude ni nini, aeleze kwa Kifipa waelewe wote. Na Fundi, ambaye siku zote alikataa, safari hii akakubali. Akatafuta maneno. Hayakuwepo. Mwishoni akasema ni kitu kama mlango mdogo wa moto. Ukiwa umefungwa vizuri moto unapita kwa adabu, ukilegea moto unatoka nje.

Wazee wakatazamana. Mlango wa moto.

"Na mlango ulilegea," mzee akasema taratibu.

"Ulilegea."

"Nani aliulegeza?"

"Hakuna. Skrubu hulegea yenyewe, kwa joto na baridi, inapanuka, inanywea."

"Mbona wa kwangu haujalegea? Mbona ni kwa mama huyu, na ni wiki aliyotishiwa?"

Mwingine akauliza, kwa heshima kabisa, "Na hiyo mikono yako, Fundi, ilianza kufa lini?"

"Mwaka jana, wakati wa baridi."

"Mwaka jana ndipo hawa wawili walipoanza kugombana."

Watu wakaguna kwa pamoja, "Eheee!" Nikainuka mimi. Nikasema ni kisukari, hospitali wamempima, nikasema ya Mtowisa, nikasema na ya mlangoni, hatua mbili ambazo sikupiga. Mama mmoja wa kwaya, mtu mwema, akanishika bega. "Pole, mama. Ulizuiwa. Miguu yako nayo ilifungwa." Kila tulichokiri kiligeuka ushahidi juu ya yule shemeji. Fundi alikaa chini kabla mkutano haujaisha.

Hakuna aliyempiga shemeji. Waliacha tu kumsalimia. Mashine ya kusaga ikawa mbovu akifika yeye. Nilimnyoa mara moja wiki ile, na wateja wawili waliokuwa kwenye foleni wakakumbuka wana shughuli. Paroko alikemea Jumapili mbili mfululizo, kwa ukali, watu wakaitikia vizuri, wakatoka nje wakaendelea. Kabla ya mwezi kwisha shemeji akafunga nyumba, mke na watoto wakaenda kwa wazazi wa mke huko Ilemba, yeye akaondoka peke yake. Tukasikia yuko Kasesya, mpakani, anapakia malori yanayoingia Zambia.

Na Fundi je? Alipendwa kuliko zamani, ndiyo ajabu yake. Watu walimletea unga, maharage, walimletea na mizizi ya kuchemsha aoshee mikono. Walimwita aliyeonewa. Alichukia. Aliwafokea warudi na mizizi yao, wakasema masikini, hasira nayo ni sehemu ya ule ugonjwa. Kazi hakufanya tena. Alitaka jambo moja tu, akalisema kila aliponiona: yule shemeji mwenyewe asikie kutoka mdomoni mwake. "Kijiji kimenishinda," alisema. "Lakini yeye anajua hakufanya. Yeye ataniamini."

Kwa hiyo mwaka huu, baada ya Pasaka, nikafunga duka tukaenda. Vifungo vya koti nilimfunga mimi. Tulimkuta Kasesya kwenye kivuli cha trela, anakula ugali na wenzake. Amekonda. Alipotuona aliacha chakula, akanawa mikono, akaja mbio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Fundi hakutaka kukaa. "Nimekuja kwa jambo moja. Ule moto ulitoka kwenye mkono wangu. Waya ulikuwa wa moto, mimi nikasema baridi. Wewe huna kosa lolote."

"Nilisikia ulivyosema mkutanoni."

"Sasa nakwambia wewe."

Yule mtu akatazama chini. "Mzee, mimi nilimwambia shemeji yangu kuku wake wataiva humo ndani. Nilisema kwa mdomo huu. Na wakaiva."

"Ulikuwa na hasira. Kila mtu husema."

"Kila mtu husema. Ya kwangu yametimia."

Fundi akachukua kijiti, akachuchumaa, akamchorea vumbini: betri hii, waya huu, fyuzi hii, skrubu hii. Alieleza kwa Kiswahili, taratibu, kwa ufasaha kuliko nilivyowahi kumsikia akieleza, namna umeme unavyojibana na namna joto linavyojikusanya siku baada ya siku. Yule mtu alisikiliza kwa makini, akauliza swali moja zuri, akajibiwa, akaitikia kwa kichwa. Nikapata tumaini, nikiri.

"Nimeelewa," akasema. "Skrubu ililegea, waya ukachemka, plastiki ikashika moto. Nimeelewa yote, mzee. Sasa nilikuwa naomba kitu." Akapiga magoti, pale pale kwenye vumbi la malori. "Naomba unisamehe. Silali, mzee. Na hiyo mikono yako, kama nayo ni mimi, nisamehe."

Nilisubiri Fundi afoke. Kwa ujinga mdogo kuliko huo aliwahi kuwafukuza watu kwake. Malori mawili yakapita. Wapakiaji walikuwa wameacha kula wanatutazama, na yule mtu bado amepiga magoti, hata kichwa hainui.

"Nimekusamehe, mwanangu," Fundi akasema.

Yule akalia kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Asante mzee, asante, Mungu akulipe. Kisha akanigeukia mimi, machozi yanamtiririka, akaomba nami nimsamehe kwa niaba ya kijiji. Mimi, niliyesimama mlangoni kwa shemeji yake na mkono mzima nisiunyooshe.

Nikamwambia nimemsamehe.